Mfaransa wa Baba Falone

Mume wangu, Baba Falone, alikuwa mwalimu wa falsafa kule Bukavu. Hapa Sydney anapakia maboksi kwenye ghala la Penrith. Mwaka ule wa korona, mji ulipofungwa na zamu zake zikakatwa, alianza kufundisha tena, kwa simu, kutoka sebuleni kwetu Merrylands. Wanafunzi wake walikuwa wanaume wenzake wa kanisani, na somo lilikuwa moja tu: mwanamke Mfaransa, marehemu, mwanafalsafa na mtunzi wa riwaya, aliyekataa kuolewa na aliyefundisha kwamba hakuna mwanamke aliyeumbwa ili amtumikie mtu.

Nikaanza kumshuku. Mwanamume anayesifu uhuru wa wanawake mbele ya wanaume peke yao anatafuta nini? Nikipita na chai yake, anashusha sauti. Kitabu cha huyo Mfaransa, alichokuwa akifundishia, alikiweka juu kabisa ya kabati. Sasa huo uhuru ni wa nani, kama mimi sitakiwi hata kuusikia?

Siku moja alipokuwa anaoga, nikapanda kiti nikakishusha. Kifaransa changu ni cha shule ya masista, lakini kilinitosha.

Jioni ile niliandaa bugali na samaki. Baba Falone akakaa, akanyoosha mikono kama kawaida, akingoja nimnawishe. Bomba lilikuwa pale pale nyuma ya mgongo wake.

"Mama Falone, maji."

Nikamega tonge langu, nikala.

Akaitazama mikono yake mikavu. Kisha akainua macho taratibu hadi juu ya kabati.

"Nani amegusa kitabu changu?"