Kilichokuja na Uboho

Watu wa kwetu wananichosha na neno moja: shukuru. Nikikunja uso tu, wananikumbusha kwamba saratani ya damu ilitaka kunimaliza, kwamba mdogo wangu wa kike alitolewa uboho wa mifupa kule Uhindi nikatiwa mimi. Najua. Nilikuwepo.

Nilikuwepo pia munganga, daktari wa kule, alipomuuliza mdogo wangu, kupitia mkalimani, kama ana ugonjwa wowote. Tante, dada wa baba aliyetusindikiza, akamwahi: "Iko muzima, docteur. Hana maneno." Kwetu mkubwa akiwapo, binti hajibu wageni.

Maneno alikuwa nayo, tena ya ugonjwa. Tezi ya shingo ilikuwa inamsumbua, anameza dawa jikoni kwa tante, mlango umefungwa. Mchumba wake wa Kasumbalesa alikuwa ameleta posa, na tante hakutaka wakwe wasikie. Hata mimi nilifichwa. Utadhani yule munganga Muhindi angepanda ndege kwenda kuwasimulia.

Tulirudi Lubumbashi nikapona, nikanenepa. Kisha moyo ukaanza kunienda mbio, mikono ikatetemeka hadi namwaga chai, macho yakatoka nje. Tante, aliyeziona dalili hizo hizo jikoni kwake, akasema ni jicho la watu. Akaniletea kikundi cha maombi. Walifunga kula wiki nzima, na aliyekonda ni mimi.

Munganga wa hapa ndiye aliyepima damu, akauliza: "Aliyekupa uboho, ana ugonjwa wa tezi?" Nikampigia mdogo wangu simu. Akalia, akasema ndiyo. Basi munganga akanieleza: kinga ya mwili wake, iliyokuwa inashambulia tezi yake mwenyewe, ilihamia kwangu pamoja na uboho, ikaanza kushambulia na yangu. Dawa zimetuliza moyo. Macho tulichelewa, naona kila kitu viwili viwili.

"Ungejua, ungekataa?" tante aliniuliza, kama vile amenishinda.

Singekataa. Hakuna mwingine ambaye uboho wake ulinifaa. Ningesema leteni, na tezi yangu ingeangaliwa tangu mwanzo. Hicho ndicho kinachoniuma: alificha kitu ambacho hakikuhitaji kufichwa, nikalipa mimi kwa macho.

Juzi alinisindikiza tena kwa munganga. Munganga akaniuliza kama napata usingizi.

"Analala muzuri," tante akajibu.

"Tante, toka inje."

Alitoka, mlango akauacha wazi. Nikainuka nikaufunga, nikamwambia munganga kwamba silali.