Mpira Ulioachwa Upite

Katika miaka ya hamsini nilikuwa karani wa kupima pamba katika mji wa Baraka, kando ya ziwa, na kila Jumapili, siku ya Mungu, alasiri, nilicheza mpira katika timu ya wavuvi. Sikuwa mchezaji mzuri. Sisemi hivyo kwa unyenyekevu. Nilikuwa na daftari ambamo niliandika, kwa kila mchezo, mara ngapi kila mmoja wetu alinyang'anywa mpira, na mstari wangu ndio uliokuwa mrefu kuliko yote. Mbio sikuwa nazo, na mguu wa kushoto ulinifaa kusimamia tu. Nilibaki katika timu kwa sababu moja: nilikuwa na mipango.

Mipango hiyo nilijifundisha mwenyewe. Kazi ikiisha, nilipanga juu ya meza mbegu kumi na moja za pamba na punje kumi na moja za mahindi. Mahindi tulikuwa sisi, pamba walikuwa Fizi, wapinzani wetu wa kule mlimani. Timu ya Fizi ilikuwa na mabeki wanne, wote polisi, ambao walijipanga mbele ya goli lao na hawakutoka hapo hata ukiwatukana. Nahodha wetu, mvuvi mwenye mabega mapana na sauti ya kuita mtumbwi ulio mbali, alikuwa na dawa moja tu kwa ukuta huo: mpira upigwe juu, mbele, yeye aufuate. Mara tatu tulipanda Fizi, na mara tatu tulishuka bila kufunga hata goli moja.

Nilizisogeza mbegu zangu jioni nyingi, na kila mara nilifika pale pale. Polisi hawawezi kusukumwa. Lazima watoke wenyewe. Mtu wetu akikaribia goli, kisha akageuka na kuurudisha mpira nyuma, polisi mmoja ataona ni woga na atamfuata. Akitoka huyo, nyuma yake kunabaki nafasi, na katika nafasi hiyo mtu mwingine wetu awe ameshafika. Kwenye meza jambo hili lilifaulu kila siku.

Tulijifunza ufukweni. Niliwapangia hatua: kutoka hapa hadi pale kumi, mpira upigwe kwa nguvu hii, si zaidi. Wanawake waliokuwa wakianika ndagala, dagaa wa ziwa letu, walitutazama na kushika viuno.

"Goli iko mbele," mama mmoja alituita. "Nyuma munatafuta nini? Mulipoteza kitu?"

"Mama, uangalie ndagala zako, ndege banazimaliza!"

"Heri ndege, banajua fasi banaenda!"

Hata nahodha alicheka. Lakini jioni ile alinishika bega, na hakuwa anacheka tena.

"Karani, hii mambo yako tutaifanya mara moja, kule Fizi. Kama banatupiga, basi. Mutoto wa shangazi yangu iko anakimbia sawa swala, ataingia ku fasi yako."

"Na mimi?"

"We utatuandikia."

Nilimwelewa. Juma zima nilipima pamba ya watu na kuwajibu salamu zao, lakini nilikuwa na wazo moja tu. Ile saa moja na nusu ya siku ya Mungu ndiyo iliyokuwa yangu katika siku saba, na sasa ilitegemea mchezo mmoja.

Tulipanda Fizi juu ya kamioni, lori la mchuuzi wa chumvi. Ilikuwa kiangazi. Kiwanja chao kilikuwa palepale polisi walipofanyia gwaride asubuhi, udongo mwekundu uliokanyagwa kwa viatu mpaka ukawa mgumu kama sakafu. Nilikiona, nikaona kwamba ni kizuri, wala sikufikiri zaidi. Hilo ndilo kosa langu, na ninaliandika hapa kwa sababu mtu aliyejisifu kwa vipimo hakupaswa kulifanya. Hatua zangu zote nilikuwa nimezihesabu kwenye mchanga. Kwenye mchanga mpira hufa pale unapoanguka. Fizi haukufa.

Pasi ya kwanza ilimpita mtu wetu na kumfikia polisi miguuni. Ya pili ilitoka nje na kuingia katika kundi la mbuzi. Ya tatu niliirudisha nyuma mimi mwenyewe, kama ilivyopangwa. Ilimpita beki wetu, mshambuliaji wao akaifuata akiwa peke yake, akafunga. Watu wa Fizi walifurahi sana.

"Bene ndagala! Mupira si samaki! Iko na miguu!"

"Mubaachie, bamezoea kuvuta wavu, banavuta mupira nyuma!"

Mapumziko yalipofika tulikuwa nyuma kwa goli moja. Nahodha alikaa chini akiwa amenipa mgongo. Nilijua maana ya mgongo ule. Nilifanya kazi niliyoizoea: niliuchukua mpira pembeni, nikaupiga kwa nguvu ya hatua kumi, nikahesabu. Ulikwenda ishirini na mbili. Nikaupiga tena. Njiani alikuwa amesimama mshonaji wetu wa nguo, aliyecheza upande wa kulia, mdomo umejaa muwa. Aliuona mpira umemfikia, akafungua miguu tu ili asisumbuke. Mpira ukapita katikati ya miguu yake, ukaenda mpaka kwa fundi wa mitumbwi, aliyecheza upande wa kushoto, naye akaudaka bila kutarajia.

Nilisimama pale, mikono imening'inia. Kwenye mchanga, mtu akiuacha mpira, umekwisha. Hapa, aliyeuacha alikuwa ametoa pasi.

Nilikwenda kwa nahodha.

"Kapteni, kipindi cha pili, mupira ikikuja kwako, usiiguse."

Aligeuka. "Namna gani?"

"Fungua miguu. Uiache ipite. Fundi atakuwa nyuma yako."

"Karani, mi nimepanda mulima huu wote juu ya kuacha mupira?"

Mshonaji alicheka mpaka muwa ukamtoka. Nahodha alimkazia macho, akanikazia na mimi, kisha naye akaanza kutikisika mabega. "Haya," alisema. "Tumekwisha kupigwa, tupigwe na akili."

Mara ya kwanza hakuweza. Mpira ulimjia, nikamwona akifungua miguu, nikaona na mguu wake wa kulia ukikataa kumtii. Aliupiga, polisi wakauzuia kwa vifua. "Nimesahau!" alipiga kelele, akijipiga paja.

Mara ya pili mpira ulikuja kwangu. Mshonaji aliutoa kulia, chini, kwa nguvu. Mgongoni mwangu alikuwa polisi mkubwa kuliko wote, karibu hivi kwamba nilisikia pumzi yake shingoni. Nilinyanyua mguu kana kwamba naupokea, na sikuupokea. Mpira ulitupita sote wawili. Polisi alikuwa amenikumbatia, anatafuta mpira tumboni mwangu, wakati fundi wa mitumbwi, peke yake upande wa kushoto, aliusukuma golini taratibu kama mtu anayesukuma mtumbwi majini.

Uwanja mzima ulicheka, na waliocheka kwanza walikuwa watu wa Fizi.

Kuanzia hapo wale wanne hawakuwa ukuta tena. Mmoja alinifuata mimi, mwingine aliangalia nyuma yangu, wawili waligombana. Walipomwona mtu wetu anapokea mpira walidhani ataacha. Alipoacha walidhani amepokea. Zile pasi za kurudisha nyuma, ambazo sasa tulizipiga kwa nguvu nusu, zilianza kuwatoa mmoja mmoja, kama nilivyoona mezani. Mwishoni mpira ulimfikia nahodha mbele ya goli. Polisi mkubwa aliruka upande wa kushoto kumzuia fundi, akiwa na hakika kabisa. Nahodha alikanyaga mpira, akautazama, akamtazama polisi aliyekuwa ameshaondoka, akafunga.

Mchezo ulipokwisha yule polisi alinijia. Nilidhani ana hasira.

"We mutu," alisema, "nilikuchunga kipindi kizima sawa mufungwa. Mupira hukugusa. Goli ziko mbili. Sasa niandike nini mu rapoti?"

"Andika nilitoroka, mukubwa."

Alicheka na kunipa mkono.

Tukishuka, nahodha alisimama juu ya magunia, akisimulia goli lake kwa kila mtu tuliyempita barabarani, wakiwemo wasiouliza. Mimi nilikaa nyuma, sikutaka kumkumbusha lolote. Tulipokaribia uwanda wa ziwani, alipochoka, alikuja akakaa kando yangu.

"Kule Baraka kuna fasi kavu?" aliuliza. "Fasi ngumu, sawa ile?"

"Iko nyuma ya depo, pale wanapoanika pamba."

"Kesho kutwa utaniombea ruhusa kwa mukubwa wako. Tutajifunza pale."

"Na mutoto wa shangazi yako?"

"Ataleta maji."

Niliomba ruhusa, nikaipata. Siku ile ya kwanza walikuja wenzangu wote kumi, na wengine wanne ambao hawakuwa wa timu, na kila mmoja alitaka jambo moja tu. Nilimpa mshonaji mpira, akaupiga kuvuka uwanja. Nahodha alifungua miguu, akauacha kwa madaha. Fundi wa mitumbwi naye aliuacha. Aliyekuwa nyuma yake aliuacha, na wa nyuma yake, hata golikipa, aliyetakiwa kuudaka, alifungua miguu yake kwa heshima. Mpira uliwapita watu wote, ukavuka barabara, ukateremka kuelekea ziwani, na hakuna aliyekuwa ameugusa.

Walikaa chini wakicheka. Nahodha alikuwa wa kwanza kupata pumzi.

"Karani," alisema akifuta macho, "sasa tufundishe kuigusa."

Nilikimbia kuufuata, kwa mbio zangu zilezile za polepole, na hakuna aliyenipita.