Gari la Mama na Harufu ya Panya

Majuzi nilifungua chupa ya siki jikoni kwangu, hapa Tudor, nitengeneze achari. Ile harufu kali iliponipanda puani, nilijiona nimepiga magoti ndani ya gari la mama, leso imenifunika mdomo na pua, macho yananitoka machozi, nasugua zulia. Wengine siki huwakumbusha chakula. Mimi hunikumbusha vita, na vita vyenyewe tulivishinda.

Nikwambieni ilivyokuwa. Baba alipofariki, mama alikaa eda katika nyumba yetu ya Mji wa Kale. Ami Said, ndugu yake baba, alichukua funguo za gari akaliingiza kwenye godauni lake la nafaka kule Bondeni. "Litakaa salama," alisema, na naamini alidhani hivyo. Lakini mtu akiliweka gari baina ya magunia ya mchele na kunde, tena akasahau dirisha moja wazi upana wa vidole, huwa amewajengea panya nyumba ya ghorofa.

Eda ilipokwisha, ami alikuja kutupa habari. Alikunywa kahawa yake polepole, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba wa pili:

"Shemeji, lile gari lishakwisha. Panya wameliharibu. Nimepata mtu wa vyuma vikuukuu, atakuja kulichukua Ijumaa baada ya swala."

"Lete funguo," mama akasema.

"Funguo za nini tena?"

"Za gari langu."

Ami akacheka. "Harufu ile haitoki, Mama Rukia. Na hata ikitoka, utakwenda nalo wapi?"

"Kazini."

Gari lilikuwa lake kweli. Aliuza bangili zake za harusi likanunuliwa, na baba ndiye aliyemfundisha kuliendesha mpaka akapata leseni. Sasa alikusudia kuwapeleka watoto wa mtaani kwetu skuli na kuwarudisha, wazazi wamlipe. Hatukuwa na njia nyingine. Mimi hayo sikuyajua. Nilichoona ni kwamba mama alitaja kazi, na ami akaacha kucheka.

Kesho yake tulikwenda Bondeni. Mama alipofungua mlango wa gari, nilirudi nyuma kama niliyezabwa kofi. Kama hujapata kunusa mkojo wa panya uliopikwa na joto la Mombasa ndani ya gari lililofungwa, mshukuru Mungu. Harufu yake inachoma, inaingia kooni na kukaa. Hata wapagazi wa ami, waliozoea mavumbi ya mle ndani, walisogea kando. Mama hakusogea. Alinifunga leso usoni, akajifunga na yake, akasema, "Shika ndoo."

Tulilisukuma gari mpaka juani, wapagazi wakaona haya wakaja kutusaidia. Nilipochukua ufagio mama akanipokonya. Mavi ya panya yakifagiliwa makavu, alisema, vumbi lake huingia kifuani likaleta maradhi. Kwanza tuliyalowesha kwa dawa ya kuulia viini, tukangoja, ndipo tukayaokota kwa matambara. Kisha vikatoka viti, na mazulia, na kila kilichokubali bisibisi. Tukasugua kwa siki na maji, tukaanika, tukanyunyiza ile soda ya kutilia bhajia, tukaacha mabeseni ya makaa ndani yafyonze mnuko uliobaki. Wapita njia wakauliza kama tunalipika.

Khalati Aziza, dada yake mama, akaja na chetezo na udi wake wa siku kubwa. Akalifukiza gari huku milango imefungwa. Tulipofungua, tulipokewa na harufu ya panya anayekwenda harusini. Mama alicheka mpaka akakaa chini, mara ya kwanza tangu msiba. Halafu akainuka, akakunja mikono ya nguo, tukaanza upya.

Alhamisi gari lilikuwa halinuki. Mama akawasha injini, akafungua feni, na harufu ikatupulizia usoni, mbichi, kama kwamba hatukugusa kitu. Ami alikuwa amesimama mlangoni mwa godauni.

"Nilikwambia, shemeji," akasema kwa upole, na upole ule ndio ulioniudhi zaidi.

Mama alizima injini. Aliichomoa ile droo iliyo mbele ya kiti cha abiria, akafungua skrubu za kasha la feni lililo nyuma yake. Mkono wake haukupita. Akanivisha glavu, nikaingiza wangu, nikavuta. Kikatoka kiota kizima: nyuzi za magunia, sponji ya viti, na katikati vipande vyeupe vya kitambaa chenye nakshi nilizozijua. Ilikuwa kofia ya baba. Mama aliishona kwa mkono wake, na baba alikuwa na mazoea ya kuiacha garini. Panya walikuwa wameitafuna wakaitandika.

"Tutaifua," nikasema. "Nitaifua mimi."

Mama aliitazama muda mrefu. Kisha akaitoa mkononi mwangu, akaitia kwenye mfuko wa taka pamoja na kiota, akaufunga fundo. "Nayo inatoka," akasema.

Nilimchukia siku ile. Nililipangusa lile kasha kwa siki huku nalia, naye hakuniambia ninyamaze. Alipoiwasha feni tena, ulitoka upepo wa moto tu, usio na harufu yoyote.

Ijumaa ami alifika na mtu wake wa vyuma. Walimkuta mama amekaa nyuma ya usukani, na kiti cha nyuma amekaa Bi Salma, jirani yetu mwenye wajukuu watatu na pua iliyoogopwa na kila muuza samaki. Mama ndiye aliyemwita. Bi Salma alikuwa ameamuru madirisha yafungwe na feni iwashwe, akavuta pumzi mpaka nikamhofia. Aliposhuka, alimgeukia ami.

"Said, mbona waniambia gari la watu lanuka? Au ni hilo godauni lako?" Kisha akainama dirishani. "Mama Rukia, Jumatatu wanangu wakungoje saa ngapi?"

Mtu wa vyuma alikwenda zake. Mama alitia gia, akatoka Bondeni mchana kweupe, watu wakitazama, na mimi nimekaa mbele kama waziri.

Kwa miaka mingi nilidhani mama yangu hakuijua hofu. Nilikuwa tayari nina watoto wangu nilipomuuliza, na uchungu bado uko mdomoni, imekuwaje akaitupa ile kofia bila hata kutoa chozi.

"Ningeiweka," alisema, "ningekaa chini pale pale nikalia, na Ijumaa ingenikuta nimekaa. Niliogopa, Rukia. Kila asubuhi niliogopa kufungua ule mlango. Unadhani nilikuchukua unisaidie kusugua? Mtoto mdogo kama wewe ungesugua nini? Nilikuchukua kwa sababu nisingeweza kukimbia huku mwanangu ananitazama."