Vijiti vya Shemeji Zablon

Usiku ule nililala mapema, kwa kuwa kesho yake nilitakiwa kupendeza. Chama chetu cha mbio za pikipiki za matuta, hapa Arusha, kilikuwa kimeamua kuistaafisha namba yangu, kumi na moja, asiivae tena mtu mwingine. Jezi yangu ya kijani ingetundikwa ukutani ndani ya fremu ya kioo, nami ningesimama chini yake nipigwe picha, mzee mwenye mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake. Mke wangu, Namkunda, alikuwa ameifua jezi ile kwa mikono yake na kuianika kivulini isipauke.

Wiki nzima vijana wa chama walikuwa wakibishana juu yangu, kwenye simu zao na kwenye vijiwe vyao. Wengine wanasema Kipanga, maana ndivyo walivyoniita enzi zile, ndiye mwenye kipaji kuliko wote waliowahi kutokea upande huu wa nchi. Wengine wanasema misimu mitano si kitu, tena alishindana na watu wenye pikipiki mbovu. Wanaonitetea wana neno moja wanalofungia ubishi: angekuwa. Angekuwa bingwa wa Afrika, kama fundi wake asingeiacha nati ya gurudumu la nyuma imelegea siku ile. Sifa yangu yote imejengwa juu ya neno hilo, na neno hilo limejengwa juu ya nati hiyo.

Fundi huyo aliitwa Zablon. Alikuwa kaka yake Namkunda, yaani shemeji yangu, na sasa ni mwaka wa nane tangu afariki.

Basi nikalala, na huko nilikokwenda ulikuwa mchana. Nilijikuta uwanjani kwetu, chini ya mlima, jua la saa tisa, njia tupu bila mtu. Zablon alikuwa hatua chache mbele yangu, amevaa ovaroli lake la buluu lenye mfuko uliochanika, anatembea huku mikono ameifunga nyuma. Sikushangaa kumwona. Nilichoshangaa ni kwamba hakohoi, maana miaka yake ya mwisho duniani alikuwa kikohozi kitupu.

Nilijua mara moja tunafanya nini. Siku moja kabla ya mbio, waendeshaji huruhusiwa kuikagua njia kwa miguu. Wengi huifanya matembezi, wanapiga soga na picha. Zablon alikuwa na kawaida yake. Alikuja na fungu la vijiti vya mbaazi alivyovimenya ganda vikabaki vyeupe. Kila penye kona au tuta aliinama, akachota udongo, akaufumbata, akafumbua kiganja na kuutazama. Kisha alichomeka kijiti pembeni, kwenye nyasi, mahali ambapo asiyejua asingekiona. Kijiti kimoja maana yake vuta mafuta. Viwili, shika breki. Mimi nilitembea nyuma yake nikitafuna muwa.

Siku ya mbio niliviona vijiti vile hata niwe na kasi namna gani. Watu wakasema Kipanga anaisoma ardhi akiwa bado hewani. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nililitia maji mpaka likapoteza rangi, kwa sababu baada ya msimu wa pili nilishaanza kuamini kuwa ninayeisoma ni mimi.

Sasa Zablon anainama. Anachota udongo kwenye kona ya kwanza na kunyoosha mkono kwangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya alipokuwa hai, kwa kuwa sikuwahi kumwomba.

"Fumbata, shemeji."

Nafumbata. Udongo wetu huu ni wa majivu ya mlima. Ukikauka ni vumbi, ukilowa ni sabuni, na katikati ya hapo zipo hali nyingine nyingi ambazo Zablon alizijua kama mama anavyojua vilio vya mwanawe. Nafumbua kiganja. Udongo umebaki pale, na alama za vidole vyangu juu yake.

"Unasemaje?" ananiuliza.

Nauangalia. Naugeuza. Natamani kitu chochote kinijie, hata cha kubahatisha. "Sijui," namwambia.

Hakunicheka. Bora angenicheka.

Tukaendelea, na tulipokata kona ya tatu haikuwa kona tena, ulikuwa mstari wa kuanzia, nami niko juu ya pikipiki, inanguruma katikati ya magoti yangu, na kulia kwangu na kushoto kuna helmeti zilizoinama. Ni asubuhi ile. Harufu ya petroli imechanganyika na harufu ya majani yaliyonyeshewa. Zablon ameweka kiganja juu ya tangi na ananiambia maneno yaleyale aliyoniambia siku ile, wala hakuongeza moja.

"Shemeji, mvua imepiga usiku. Vijiti ni vya jana. Leo usiviangalie, angalia ardhi."

Njia ilikuwa imeshafungwa, hakuna aliyeruhusiwa kuingia tena kwa miguu kuvihamisha. Nami namjibu, ndotoni kama nilivyomjibu akiwa hai, "Usinitie woga bwana." Akaondoa mkono wake.

Ninalotaka kulisema hapa sijawahi kumwambia mtu. Nilitaka kweli kuiangalia ardhi. Mzunguko mzima wa kwanza niliinamisha macho nikaitafuta, nikaona rangi ya kahawia tu inapita chini yangu. Nilikuwa kama mtu aliyepewa barua na hajui kusoma. Wenzangu walikuwa wanapunguza mwendo, wanalizunguka tuta kubwa kwa pembeni, na mimi sikuelewa wanaogopa nini. Halafu nikakiona. Kijiti kimoja, cheupe, kimesimama kwenye nyasi kama kilivyoachwa jana yake palipokuwa pakavu. Moyo wangu ukatulia. Nikavuta mafuta.

Mtoto anayekwenda kuchota maji angejua kwamba pale ni utelezi.

Ndotoni sikuanguka. Nilipaa, na nilipotua nilitua kitandani, wodini, mguu umening'inizwa kwa kamba. Viongozi wa chama wamesimama wamevua kofia. Namkunda, bado bibi harusi wa miezi saba, amekaa ukingoni mwa kitanda na chupa ya chai mapajani. Kiongozi mmoja ananiinamia kwa upole. "Kipanga, tumeikuta nati ya nyuma imelegea. Ndiyo hiyo iliyokuangusha, siyo?"

Gurudumu lilikuwa limepiga mwamba, nyuma yote ya pikipiki imepinda kama ukucha. Nati yoyote ingelegea. Nililijua hilo nikiwa na maumivu na nikiwa na akili zangu timamu. Ningeweza kunyamaza, na kunyamaza kungetosha. Nikaitikia kwa kichwa, mara moja.

Na mlangoni, nyuma ya mabega ya wakubwa, alisimama Zablon na ndizi zake za kuchemsha ndani ya kitambaa. Hata siku ile ya kweli alisimama palepale. Aliziweka ndizi chini, akaondoka.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu imekwenda miaka kumi na tisa, pana, na kila nilipopita watu wamenipungia mkono. Zablon ndiye aliyekuta njia fupi. Nani atampelekea pikipiki fundi aliyemwangusha Kipanga? Aliishia kuziba pancha za matoroli sokoni. Alimwambia mdogo wake mara moja tu, "Niliikaza, Namkunda," naye akamjibu, "Mume wangu ana sababu gani ya kunidanganya?" Hawakuzungumza tena. Alipougua mapafu akatuma aitwe, Namkunda hakwenda. Msibani alisimama mbali, karibu na ua, na watu walipopita mmoja mmoja kutupa udongo kaburini, yeye hakutupa. Mimi nilitupa. Nilitupa konzi mbili, watu wakanisifu kwa moyo wangu wa kusamehe.

Wodi ikafifia, nikawa tena uwanjani, natembea bila kuchechemea, na jua limeinama. Zablon yuko kwenye tuta kubwa, amechuchumaa. Nikajua muda wangu unakwisha, na badala ya kuomba radhi, kama angefanya mtu mwenye haya, nikauliza lile lililonikaa rohoni wiki nzima.

"Shemeji, niambie ukweli. Nilikuwa na kipaji?"

Hakuharakisha. Alifikiri kwa haki, kama alivyokuwa akifikiri mbele ya injini. Naliona jibu linamjia na nalipenda kabla sijalisikia.

"Ulikuwa na macho makali," anasema. "Uliviona vijiti."

"Halafu?"

"Basi."

Lilikuwa jambo dogo, wala halikusemwa kwa chuki, ila nilihisi misimu yangu yote mitano, vikombe vyote, picha zote, vinarudi mahali pake, kwenye kiganja cha mtu mwingine. Na vijana wale wanaobishana, wa upande huu na wa upande ule, wote walikuwa wamekosea, kwa kuwa wanabishana juu ya mtu ambaye hakuwepo.

Zablon alichota udongo wa pale kwenye tuta. Akaufumbata, akaufunga ndani ya ngumi yangu kwa mikono yake miwili, nami nikasikia ubaridi wake ukipenya kwenye vidole.

"Huu mpelekee mdogo wangu. Wake hakuutupa."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie ardhi ilikuwa mbichi."

Nikaanza kulia. Nikamwambia kila kitu kwa mpigo, nati, wodi, konzi mbili, nikamwambia nisamehe shemeji, nisamehe kaka yangu. Lakini alikuwa ameshaniacha. Anashuka na njia polepole, anainama kila penye kona, anang'oa vijiti vyake kimoja kimoja na kuvirudisha kwenye fungu. Nyuma yake njia inabaki nyasi tupu.

"Acha hata kimoja!" nikampigia kelele. "Shemeji, acha hata kimoja!"

Hakugeuka.

Nilizinduka kumekucha, ngumi ya kulia nimeifumba hadi kucha zimeingia kwenye nyama. Nilipoifumbua haikuwa na kitu. Nikakaa kitandani nikijiambia ndoto ni ndoto, niliyala maharage usiku, nikajua palepale kuwa nimeanza tena kuitafuta nati ya kuibebesha mzigo.

Namkunda alikuwa sebuleni, anaipiga jezi pasi.

"Ulikuwa unampigia nani kelele, Baba Upendo?"

"Nimemwota kaka yako."

Pasi ikasimama. Tangu siku ya maziko hatukuwahi kumtaja ndani ya nyumba hii. Aliinyanyua pasi taratibu, akaisimamisha, hakunitazama.

"Anasemaje?"

Nilikuwa na uongo mzuri mdomoni, tayari kabisa: anakusalimu. Ungemfurahisha mpaka kufa kwake. Ungenifaa na mimi. Nikaitazama mikono yake iliyonifunga bandeji miaka kumi na tisa, na mdomo ukawa mzito kama wa maiti.

"Amesema nikwambie ardhi ilikuwa mbichi."

"Ardhi gani?"

"Ya siku ile. Mvua ilinyesha usiku. Asubuhi alinionya, mimi sikujua kuisoma. Nati aliikaza, Namkunda. Nilijiangusha mwenyewe."

Nilisubiri apige yowe. Nilisubiri hata anirushie ile pasi. Yeye alichomoa waya ukutani, akaikunja jezi ikiwa mkono mmoja haujanyooka, akaja kuniwekea mapajani.

"Leo nitawaambia," nikasema. "Mbele ya wote. Nitasimama niwaambie."

"Waambie," akajibu. "Watakupigia makofi. Watasema ona alivyo mnyenyekevu."

Nikajua ni kweli. Nikajua pia kwamba nitasema hata hivyo, na haitamrudishia Zablon hata mteja mmoja.

Akakaa kwenye kiti cha mbali, kile cha wageni, akaitazama mikono yake kana kwamba ndiyo kwanza anaiona.

"Aliniita mara mbili," akasema. "Mara ya pili alimtuma mtu na nauli yangu. Nauli nikairudisha."

Nje, gari la chama lilikuwa limefika. Likapiga honi, likasubiri, likapiga tena, na kati yetu hakuna aliyekwenda kufungua geti.