Zina Mwisho

Baba yangu alikuwa seremala Malindi, na mkosi wetu ulianzia kwenye masanduku. Mteja alikuwa na masanduku mawili ya shubiri nne kila upande, akataka moja litakalotosha vitu vya yote mawili. Baba akapiga hesabu. Mawili yale, nne mara nne mara nne kila moja, yanachukua mia na ishirini na nane. Moja la shubiri tano, mia na ishirini na tano. Zinapelea tatu tu! Mteja aliridhika akaenda zake. Baba hakuridhika.

Akaanza kusaka jozi nyingine za namba kamili: moja uizidishe yenyewe mara tatu, na ya pili vivyo hivyo kisha uiongeze maradufu, na tofauti isifike mia. Alipata chache. Ya mwisho ilikuwa sitini na tatu na hamsini, tofauti arubaini na saba. Baada ya hapo, kimya. Alivuka elfu, akavuka elfu kumi, na tofauti zikazidi kunenepa. Watu walichukua milango yao ikiwa na hesabu zake za chaki nyuma.

Na huku macho yake yalikuwa yanaingia kiza kutoka pembeni. Daktari alimwambia apasuliwe upesi, kwani kinachopotea hakirudi.

“Nkipata jozi moja tu nyingine, n'takwenda,” baba alisema kila tulipomsihi. Nilimwonea huruma, na nilimkasirikia zaidi.

Mimi nilikuwa skuli, na Kiingereza cha kutosha na kiburi cha kupindukia. Mwalimu wangu wa hesabu akatuandikia kwa mtaalamu mmoja wa ng'ambo. Jibu lilipofika nililisoma mara mbili njiani. Imethibitishwa, bwana yule aliandika, kwamba ukishaweka kikomo cha tofauti, jozi hizo lazima ziishe. Ila uthibitisho wenyewe hausemi ya mwisho iko wapi. Huenda mmeshaipita. Huenda iko mbali asikofika mtu.

Baba aliweka randa chini, akanitazama kama anayechungulia tundu la ufunguo.

“Haya, nsomee. Zimekwisha?”

Mama alikuwa mlangoni. Aliniashiria kwa kichwa: sema ndiyo. Neno moja tu, na baba angevaa kanzu yake akaenda hospitali siku ile ile. Nilijua. Lakini mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza darasani, nisiyekosea tafsiri.

“Zina mwisho, baba,” nikasema. “Lakini haujulikani ulipo.”

“Basi hazijakwisha!” Akacheka. Sijapata kukichukia kicheko kama kile. Akaokota chaki.

Mama hakusema nami siku mbili. Nikamnunia na mimi; nilikuwa nimesoma kilichoandikwa, kosa langu nini?

Miezi ikapita. Namba zilianza kupanda juu ya namba, mstari juu ya mstari, na sote tuliziona tukaendelea na kazi zetu. Adhuhuri moja nilimpelekea chakula, nikamkuta amesimama, mkono ukipapasa ubao.

“Mwanangu.”

“Naam, baba.”

“Mbona kiza hivi? Hebu nfungulie dirisha.”

Dirisha lilikuwa wazi. Jua lilikuwa limemjaa kifuani. Nikaenda nikalirudisha taratibu, lisilie, kisha nikalifungua kwa kishindo.

“Nshafungua, baba.”

Aliuelekeza uso kwenye sauti.

“Ee,” akasema. “Sasa afadhali.”