Nyumba Iliyoacha Kukuna Nazi

Asubuhi za Kinondo, nilipokuwa mtoto, zilianza kwa sauti ya kukwaruza. Jua likiwa bado halijapata nguvu, kila nyumba ilikuwa imeshatoa mbuzi yake uani, kile kigoda kifupi chenye ulimi wa chuma wa meno meno, na mwanamke amekikalia akizungusha nusu ya nazi huku unga mweupe ukimwagika kwenye sinia. Sauti hiyo ilitoka kwa jirani wa kulia, ikajibiwa na wa kushoto, ikaenda hivyo mpaka mwisho wa mtaa, na harufu ya nazi mbichi ikachanganyika na moshi wa makumbi. Mtu aliyelala aliamka bila kuamshwa. Sauti ile siikumbuki kwa sababu ilikuwa tamu. Naikumbuka kwa sababu ulifika wakati ikawa inatoka nyumba zote isipokuwa kwetu.

Baba yangu alikuwa mkwezi. Watu walimwita awaangulie nazi zao kuanzia Kinondo hadi karibu na Chale, na mnazi alioujua kuliko yote ulikuwa ule uliosimama nyuma ya jiko letu. Ndio aliokuja kuanguka kutoka juu yake, akafa. Ilikuwa siku za kukaribia Uhuru, watu wanashona nguo mpya na vijana wanafanya mazoezi ya ngoma, na sisi tukawa na matanga. Bendera ilipopandishwa, wenzangu walikwenda Kwale kuitazama wakarudi wamepoteza sauti kwa kushangilia. Mimi nilibaki nyumbani na mdogo wangu Mwanasha, ambaye alikuwa bado hajui kusema vizuri, na mama aliyekuwa ndani, katika eda.

Eda ya kwetu ilikuwa na huruma nyingi. Mfiwa hakuachiwa jambo. Shangazi Mwanakombo, dada yake baba, alihamia kwetu na mkoba wake, akachukua ufagio, akachukua mtungi, akachukua hata kazi ya kumwogesha Mwanasha. Majirani walileta kuni. Na kwa kuwa baba alikufa kwa mnazi, wanawake walikubaliana kwamba nazi isionekane machoni pa mama. Mbuzi ikafichwa juu ya dari. Makumbi yakaondolewa uani. Mchicha ukachemshwa kwa maji na chumvi, samaki akachomwa akaliwa mkavu, mihogo ikaletwa mezani kama ilivyotoka chunguni. Pwani nzima inakula tui, sisi tunakula maji. Hakuna aliyelalamika, maana ilikuwa heshima.

Mama naye alizidi kwenda mbali nasi. Sijui niseme vipi. Alikuwa amekaa pale kitandani, kanga nyeupe mabegani, mikono imelala mapajani kama vitu vya mtu mwingine. Ukimpa chakula, anakula matonge mawili anasahau la tatu. Ukimwita anageuka baada ya muda mrefu, kana kwamba jina lake limepita njia ya mbali. Mwanasha alikuwa akimpanda magotini, anashika kidevu chake na kumgeuza uso kwa nguvu, na mama anamtazama kwa upole bila kumwona. Mimi nilijifunza kutembea kwa nyayo nyepesi ndani ya nyumba yetu wenyewe, na uchovu wa siku zile naujua mpaka leo.

Kisha akaja mjomba kutoka Bongwe. Kwa sisi Wadigo wa wakati ule, kauli ya mjomba juu ya watoto wa dada yake haikuwa kauli ndogo. Aliingia kumwona mama, akatoka upesi, akaketi barazani na shangazi. Nilikuwa nimekaa karibu nao nachambua mchicha, na hawakunificha.

"Huyu dada yangu hayupo," alisema. "Eda ikiisha nitampeleka bara, Kinango, kwa mganga wa kumtazama. Huyu mkubwa nitakaa naye mimi. Yule mdogo atakwenda kwa mama mkubwa Msambweni."

"Wawatawanya kama vifaranga?" shangazi aliuliza.

"Wewe una shauri gani, shemeji?"

Shangazi alikuwa mwanamke wa maneno mengi na haraka, si wa mashauri. Alimwekea mjomba chakula, mjomba akaonja mchicha, akasukuma sahani taratibu kwa adabu. Nilimwona shangazi akiitazama ile sahani.

Kesho yake akapanda kwenye dari akaishusha mbuzi. Sidhani alikuwa na hekima yoyote kichwani. Nadhani alikuwa amechoka, na aibu ya ile sahani ilikuwa haijamtoka. Alivunja nazi mlangoni, akaingia nayo chumbani kwa mama, mbuzi mkono wa pili, mimi nikimfuata nyuma na sinia.

"Wifi, mimi nimefagia, nimeteka maji, nimemwogesha mwanao, na mgongo wangu si wa punda. Nazi sikuni. Shika."

Jirani mmoja aliyekuwa akipita alisimama dirishani, akaweka mkono mdomoni. "Mwanakombo! Una wazimu?"

"Wazimu ni huo mchicha wenu," shangazi alijibu bila kugeuka.

Mama alikipokea kipande cha nazi, akakigeuza mkononi. Halafu akasema maneno ya kwanza yenye mwanzo na mwisho niliyoyasikia tangu mazishi.

"Hii ya mnazi gani?"

Nilimwomba Mungu shangazi aseme uongo. Hakusema. "Wa nyuma ya jiko," alisema. "Ule ule."

Mama akakaa kwenye mbuzi. Akaanza kukuna polepole, kisha mikono ikaikumbuka kazi yake, ikawa inakwenda yenyewe, inazungusha, inabana, inazungusha, na machozi yanamtiririka mpaka kwenye kidevu. Shangazi alivuta sinia pembeni.

"Yasiingie humo, wifi. Chumvi nimeshatia."

Na mama akacheka. Kilikuwa kicheko kibaya, kilichokauka, kikageuka kilio kabla hakijaisha. Lakini hakuacha kukuna.

Tangu hapo kazi ile ikawa yake kila asubuhi, na hapakuwa na muujiza. Siku nyingine alikuna, akachuja tui, akarudi kulala na kutazama ukuta. Siku nyingine alibaki uani mpaka kivuli kinageuka. Niliwahi kumwuliza kama hachoki. Akasema, "Nachoka. Lakini nikikuna najua niko wapi. Chuma hiki hapa, mkono wangu huu hapa, na nyinyi mna njaa." Sijawahi kusikia maelezo bora zaidi ya jambo hilo, ingawa nimesikia mengi.

Eda ilipomalizika mjomba alikuja na nguo zake za safari. Mama alimpokea mwenyewe, akamwandalia mchicha uliolala kwenye tui zito na muhogo pembeni.

"Umepona, dada?" mjomba aliuliza.

"Sijapona. Lakini watoto wangu hawaendi popote. Kula, kaka, chakula kinapoa."

Mjomba alitazama mikono ya mama, akanitazama mimi, akanawa. Alikula mpaka akafuta sahani, na neno la Kinango halikutajwa tena.

Leo nina miaka sitini na kitu na nimeishi miji mingi kuliko inavyofaa: Voi, Tanga, Nairobi, Lamu, na sasa chumba cha kupanga Ukunda, nyuma ya maduka ambako vijana kutoka bara wanapiga muziki mchana kutwa. Nimeolewa nikaachika, nimeajiriwa nikaacha. Uzito aliokuwa nao mama nimewahi kuubeba mimi pia, na hapakuwa na shangazi wa kuniingilia chumbani kwa makelele. Hapo ndipo naona tofauti. Zamani mtu aliyezama alikuwa na watu wanaosubiri kula. Sisi tunaohamahama tunazama kimya, na mlango umefungwa kwa ndani.

Kwa hiyo nimejiwekea kidesturi changu, kidogo tu. Kila ninapoamka natandika kitanda, nanyoosha shuka kwa viganja mpaka mikunjo iishe, hata kama chumba ni cha usiku mmoja. Hakiniponyi. Asubuhi nyingine namaliza kutandika, naketi ukingoni na kiatu kimoja mguuni, na sikumbuki nilikuwa nakwenda wapi. Nakaa hivyo kidogo. Kisha navaa cha pili.