Ndege Wasiokuwepo

Iko asubuhi moja ya msimu wa mpunga ninayoikumbuka kuliko hata siku ya ndoa yangu. Ilinirudia jana, mwanangu, uliponiambia kwamba umeanza kukaa kimya kila alfajiri, simu ikikufundisha namna ya kuvuta pumzi, lakini kichwa kinajaa na unainuka umechoka zaidi. Ulicheka uliposema hivyo. Mimi sikucheka.

Nilikuwa msichana, kwetu kijijini, upande wa Kabambare. Kaka yangu Assani alikwenda Salamabila kutafuta dhahabu, na shimo likamwangukia. Aliyetuletea habari alikuja kwa baiskeli, akakataa maji, akasema yote akiwa bado ameshika usukani. Mwili haukutolewa. Tukaomboleza bila kaburi, watu wakala wali wa kilio, wakatawanyika.

Mama hakulia. Alikaa tu. Alikaa mlangoni, alikaa jikoni mbele ya moto uliozimika, mikono mapajani. Sombe ya majani ya muhogo niliyompikia aliionja na kuiacha. Jirani yetu, Mama Zainabo, akaniita pembeni.

"Usimuache akae bure. Mutu akikaa hivi, akili inamutoka. Umusemeshe. Umupigie kelele kama iko lazima."

Nikaogopa. Kaka nilikuwa nimeshampoteza; nikaapa kwamba mama simpotezi.

Mpunga ukaanza kuiva, tukaenda kuulinda dhidi ya ndege. Tulikaa juu ya kichanja cha miti katikati ya shamba, mimi na yeye, na bati kuukuu la kugonga. Niligonga, nikapiga mayowe, nikaimba, nikamsimulia habari za soko la Kasongo ambazo hata sikuzijua vizuri. Kila alipotulia nilishtuka, nikagonga tena. Jioni nilirudi nyumbani sina sauti, naye hakuwa amekula.

Asubuhi ninayokuambia, ukungu ulikuwa mzito. Hakuna hata ndege mmoja aliyeruka. Nikagonga vivyo hivyo. Mama akanishika mkono.

"We Mwavita. Ndege iko wapi?"

"Watakuja, mama."

"Nakuuliza iko wapi."

Nikatazama shamba; ukungu mtupu.

"Siku hizi zote unanifukuzia mutoto wangu," akasema. Sauti yake haikupanda. "Nikisikia kidogo vile alikuwa anakohoa, vile alikuwa ananiita, unagonga bati. Anaenda. Nabaki kuanza tena."

"Naogopa, mama. Wanasema utapata wazimu."

"Wazimu ni weye, unapigana na ukungu." Alikaribia kutabasamu, lakini tabasamu halikufika. "Weka bati chini. Ukae."

"Nikae nifanye nini?"

"Ukae."

Nikakaa. Mwanangu, sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile. Kwanza miguu iliniwasha. Kisha nikawaza kuni, chumvi, nguo za kufua. Kisha hayo yote yakaniishia, na Assani akaja. Hakuja akicheka, alikuja akiwa chini ya udongo. Nilitaka kusimama.

"Naliona shimo," nikamwambia mama.

"Mimi pia. Vuta pumzi. Usitoke."

Tukabaki mle wote wawili. Nililia mpaka ukungu ukaondoka, na mama, ambaye macho yake yalikuwa makavu tangu siku ya habari, akalia pamoja nami. Ndege walipokuja, sikuwaona. Walikula walivyotaka. Adhuhuri mama akaniomba chakula.

Hakupona. Uso wake wa zamani haukurudi tena, na mpaka alipofariki hakutaka dhahabu itajwe nyumbani mwetu. Lakini alikula, akaishi, akaniozesha.

Kwa hiyo nakuambia wewe unayeanza: usikae ili upate raha. Ukiitafuta raha, utaacha siku ya kwanza itakapokosa kuja. Kichwa kikijaa, usidhani umeshindwa. Kinachokujia ni kile unachokipigia kelele mchana kutwa, kwa muziki, kwa soga, kwa simu hiyohiyo. Tangu tumzike baba yako, mwanangu, hujanyamaza hata mara moja, na watu wanakusifu kwamba umechangamka.

Anza kidogo, muda wa chai kupoa. Keti mahali unapopajua. Fuata pumzi inavyoingia na inavyotoka, na ikikuponyoka, irudie bila kujigombeza. Baba yako akija, mwache aje, hata kama atakuja na ile sura ya hospitalini. Usimfukuze. Na ukiona huwezi kubaki naye peke yako, njoo kwangu. Si lazima tuongee.

Mungu akupe kifua cha kubeba utakachokiona humo, akupe mtu wa kukaa naye, na akuinue salama kila utakapoketi. Amina.